Kadi ya Diski na Nafasi Yake Ndani ya Seva

Katika hospitali, benki, vyuo na ofisi za serikali, kumbukumbu ambazo zamani ziliandikwa katika majalada na kupangwa rafuni siku hizi huhifadhiwa katika diski za kompyuta. Jina la mgonjwa na dawa alizopewa, mipaka ya shamba la mkulima, alama za mwanafunzi na salio la mwenye akiba, yote hayo huwa ni alama ndogo mno za sumaku au chaji za umeme ambazo jicho haliwezi kuziona. Kompyuta inayotunza kumbukumbu hizo kwa ajili ya watu wengi, na kuwahudumia wote kwa wakati mmoja, huitwa seva.

Kati ya diski na prosesa ya seva kipo kifaa ambacho ni watu wachache wanaokifahamu, nacho ni kadi ya adapta ya diski. Hiki ni kibao chembamba cha elektroniki, mara nyingi kisichozidi sana ukubwa wa kiganja, ambacho hupachikwa katika sloti iliyomo katika ubao mama. Kila herufi inayokwenda diskini au kutoka diskini hupita katika kadi hiyo. Ikipachikwa vizuri, kadi hukaa miaka mingi bila kutajwa na mtu. Ikipachikwa ovyo, seva inaweza kukataa kuwaka, au kufanya kazi kwa nusu ya kasi yake, au, lililo baya kuliko yote, kuharibu kumbukumbu ambazo hazina nakala mahali pengine. Kwa sababu hiyo yafaa kila mwenye dhamana ya seva, awe fundi au mkuu wa ofisi, aelewe kadi hii ni nini, huchaguliwaje na hupachikwaje.

KADI HII INA KAZI GANI?

Prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu na kutoa amri, haizungumzi moja kwa moja na diski za aina hii. Diski zina kanuni zake za mawasiliano. Kanuni ya SCSI, iliyokubaliwa rasmi kuwa kiwango cha Marekani mwaka 1986, ilitawala katika seva kwa muda mrefu. Baadaye mahali pake palishikwa na SAS, ambayo ni mrithi wake, na SATA, ambayo imezoeleka zaidi katika kompyuta za mezani. Adapta hufanya kazi ya mkalimani: kwa upande mmoja hupokea amri za prosesa kupitia slotini, na kwa upande wa pili huzipeleka diskini kwa kebo. Ifahamike kwamba diski ya SATA ikifungwa katika adapta ya SAS hufanya kazi, lakini diski ya SAS haifanyi kazi katika mlango wa SATA.

Ziko adapta za namna mbili. Namna ya kwanza hupitisha data tu, na kila diski huonekana kwa seva kama ilivyo. Namna ya pili ni kadi ya RAID, ambayo ina prosesa yake ndogo na kumbukumbu yake yenyewe. Asili ya RAID ni maandishi yaliyotolewa mwaka 1988 na wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz. Walionyesha kwamba diski nyingi za bei nafuu zikiunganishwa kwa mpango maalumu zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya gharama, na kwamba diski mojawapo ikifa, yaliyokuwamo yanaweza kupatikana tena kutokana na zile zilizosalia.

Siri ya jambo hilo si ngumu kuielewa. Tuseme diski ya kwanza imeandikwa 7, ya pili imeandikwa 5, na ya tatu imewekewa jumla yake, yaani 12. Diski ya pili ikifa, 12 ukitoa 7 hubaki 5, na namba iliyopotea imerudi. Kadi haitumii kujumlisha huku kwa kawaida, bali hutumia hesabu ya biti inayofanana nako, na katika mpango uitwao RAID 5 hizo jumla hutawanywa katika diski zote badala ya kukaa katika diski moja. Katika RAID 6 huwekwa hesabu mbili tofauti, hata diski mbili zikifa kwa pamoja kumbukumbu husalimika.

SLOTI KATIKA HISTORIA

Wazo la kuacha nafasi tupu katika kompyuta ili mwenye nayo aongeze vifaa baadaye ni la zamani. Kompyuta ya Apple II, iliyotoka mwaka 1977, ilikuwa na sloti 8. Kompyuta ya kwanza ya binafsi ya kampuni ya IBM, iliyotolewa Agosti 1981, ilikuwa na sloti 5, kila moja ikipitisha biti 8 kwa mara moja. Mwaka 1983 kampuni hiyo ilitoa kompyuta ya XT yenye sloti 8 na diski ya megabaiti 10. Diski hiyo iliongozwa na kadi iliyopachikwa katika mojawapo ya sloti hizo, na kadi hiyo yaweza kuhesabiwa miongoni mwa mababu wa adapta za leo. Mwaka 1984 kompyuta ya AT ilirefusha sloti ili zipitishe biti 16.

Katika miaka hiyo fundi alilazimika kuipangia kila kadi anwani yake kwa mkono, kwa kuhamisha vibanio vidogo vya chuma vilivyokuwa juu ya kadi. Kadi mbili zikipewa namba moja ziligombana, na kompyuta ikakwama. Mwaka 1992 kampuni ya Intel ilileta mpango wa PCI, uliopitisha biti 32 kwa mara moja na kufikia megabaiti 133 kwa sekunde, na ambao uliiwezesha kompyuta yenyewe kuzigawia kadi anwani. Hata hivyo kasoro moja ilibaki. Kadi zote za PCI zilitumia njia moja, kama magari yanayopokezana daraja jembamba: moja likipita, mengine husubiri.

Kasoro hiyo iliondolewa na PCI Express, mpango ulioletwa mwaka 2003 na ambao ndio unaotumika katika seva hadi sasa. Humo kila sloti ina njia zake yenyewe zinazokwenda moja kwa moja kwenye prosesa au kwenye chipu ya kugawa njia. Kila njia ina jozi mbili za nyaya, moja ya kupeleka na moja ya kupokea, kwa hiyo data huweza kwenda na kurudi kwa wakati mmoja. Sloti inaweza kuwa na njia 1, 4, 8 au 16, na kadiri njia zinavyozidi ndivyo sloti inavyorefuka: sloti ya njia 1 ina miguso 36, ya njia 4 ina 64, ya njia 8 ina 98, na ya njia 16 ina 164.

Kasi ya njia moja imekuwa ikiongezeka kizazi kwa kizazi. Katika kizazi cha kwanza ilikuwa megabaiti 250 kwa sekunde. Cha pili, cha mwaka 2007, kilileta 500. Cha tatu, cha mwaka 2010, kilileta karibu 985, cha nne, cha mwaka 2017, kikakaribia 1,970, na cha tano, cha mwaka 2019, kikakaribia 3,940. Vizazi hivi huheshimiana: kadi mpya ikiwekwa katika sloti ya zamani, pande zote mbili hukubaliana kufuata kasi ya yule aliye mpole zaidi.

JE, NJIA NGAPI ZINATOSHA?

Swali hili hujibiwa kwa hesabu, wala si kwa kukisia. Chukua mfano wa adapta ya kizazi cha tatu yenye njia 8 na milango 8 ya diski. Njia zake 8 zinaweza kupitisha karibu megabaiti 7,880 kwa sekunde. Diski za sahani zinazozunguka hutoa kama megabaiti 200 kwa sekunde kila moja, kwa hiyo diski 8 zikifanya kazi kwa pamoja hutoa 1,600. Hata kadi hiyo ikipewa njia 4 tu, yaani karibu megabaiti 3,940, nafasi bado ni ya kutosha, na hakuna mtumiaji atakayeona tofauti.

Lakini diski hizo zikibadilishwa na diski za chipu, ambazo hazina sahani, na ambazo kila moja hutoa kama megabaiti 1,000 kwa sekunde, jumla inakuwa 8,000. Hapo njia 8 zinatosha kwa shida, na njia 4 zingeikata kazi nusu. Ofisi inayonunua diski za bei kubwa kisha ikapachika kadi katika sloti isiyofaa hulipa fedha bila kupata kilicholipiwa.

Hapa ndipo penye mtego unaowanasa wengi. Urefu wa sloti hauonyeshi idadi ya njia zilizounganishwa. Watengenezaji wengi huweka sloti yenye umbo la njia 16 lakini nyuma yake wakaunganisha nyaya za njia 8, au umbo la njia 8 lenye nyaya za njia 4. Kadi huingia bila tatizo na hufanya kazi, ila kwa kasi pungufu. Ukweli huandikwa kwa herufi ndogo juu ya ubao mama pembeni mwa sloti, na katika kitabu cha maelezo ya seva. Kitabu hicho hakina budi kusomwa kabla ya kununua kadi.

Mtego wa pili umo katika seva zenye nafasi mbili za prosesa. Katika seva hizo baadhi ya sloti huunganishwa na prosesa ya kwanza na nyingine na ya pili. Seva nyingi huuzwa zikiwa na prosesa moja, ili ya pili iongezwe fedha zikipatikana. Kadi ikipachikwa katika sloti ya prosesa isiyokuwapo haionekani kamwe, na fundi asiyejua huweza kuitupa kadi nzima akidhani imekufa. Iko kesi nyingine ya aina hiyo. Kadi za bei nafuu zinazobeba diski 4 ndogo za NVMe katika sloti moja ya njia 16 huitegemea seva iigawe sloti hiyo katika mafungu 4 ya njia 4. Bila kuamrishwa kufanya mgawanyo huo katika mipangilio yake ya mwanzo, seva huiona diski moja tu kati ya nne.

VIPIMO VYA UMBO

Kadi inaweza kufaa kwa njia zake na isifae kwa kimo chake. Seva za kupangwa katika kabati hupimwa kwa kipimo kiitwacho U, na U moja ni milimita 44.45. Seva ya 2U kwa hiyo ina kimo cha milimita 88.9 tu. Kadi ya kimo kamili ina upana wa milimita 111 hivi na bamba lake la kushikizia lina urefu wa milimita 120, kwa hiyo haiwezi kusimama ndani ya seva hiyo. Kadi ya kimo kifupi ina upana wa milimita 69 hivi na bamba la milimita 79, nayo husimama bila taabu.

Ili kutumia kadi ndefu katika seva fupi, wahandisi walibuni raiza, yaani kibao kinachosimama juu ya ubao mama na kuzigeuza sloti, ili kadi ilale ubavu. Katika seva ya 1U hiyo ndiyo njia ya kawaida. Adapta nyingi za diski hutengenezwa kwa kimo kifupi na huuzwa pamoja na mabamba mawili, fupi na refu. Fundi huondoa skrubu mbili na kubadili bamba kulingana na sloti. Bamba la ziada lihifadhiwe, maana kadi iliyonunuliwa mkononi bila bamba linalofaa huishia kuning'inia bila kushikizwa, na mtikisiko mdogo huilegeza.

ADUI ASIYEONEKANA

Kabla kadi haijatolewa katika mfuko wake, iko hatari moja ya kuelewa vyema. Mwili wa binadamu hukusanya umeme tuli kila anapotembea, anapovua sweta au anaponyanyuka katika kiti. Mtu huhisi mshituko wa umeme huo unapofika kama volti 3,000. Chini ya hapo hasikii kitu. Lakini ziko chipu zinazoweza kuumizwa na volti 100 au pungufu. Fundi huweza basi kuiua kadi bila kuhisi lolote. Pengine chipu haifi papo hapo, bali hudhoofika na kuanza kukosea baada ya miezi kadhaa, wakati hakuna tena anayekumbuka siku ilipoguswa.

Wako wanaodhani kwamba hewa ya pwani, kwa kuwa ina unyevu mwingi, huondoa hatari hii. Ni kweli kwamba unyevu huipunguza. Vipimo vinavyotajwa sana na wahandisi huonyesha kwamba mtu anayetembea juu ya zulia katika hewa kavu sana anaweza kufikisha volti 35,000, na katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 90 hufikisha 1,500. Lakini volti 1,500 bado hazihisiwi na mwili, na bado zinaiua chipu. Zaidi ya hayo, chumba cha seva cha Dar es Salaam au Mombasa huwa na kiyoyozi, na kiyoyozi huikausha hewa. Kinga ni rahisi: mkanda wa mkononi ulioungwa na chuma cha seva kwa waya wenye kizuizi cha omu milioni 1. Kizuizi hicho huuacha umeme tuli utoke polepole, na humkinga fundi iwapo atagusa umeme mkubwa kwa bahati mbaya. Asiyekuwa na mkanda na aguse chuma kitupu cha seva kabla ya kushika kadi na mara kwa mara katika kazi, asitembee ovyo, na kadi ibaki katika mfuko wake maalumu hadi dakika ya mwisho.

HATUA ZA KUPACHIKA

Kazi yenyewe ya kupachika haichukui muda mrefu. Kinachochukua muda ni matayarisho, na la kwanza katika hayo ni nakala. Kadi yoyote isiguswe kabla kumbukumbu zote hazijanakiliwa mahali pengine, na nakala hiyo ikajaribiwa kwa kufunguliwa. Nakala isiyojaribiwa haijulikani kama ni nakala.

Seva huzimwa kwa taratibu, kisha nyaya zote za umeme huchomolewa. Seva nyingi zina vifaa viwili vya kuingiza umeme, na kuchomoa mmoja hakutoshi. Tena kuzima kwa kitufe peke yake hakuondoi umeme wote, kwa kuwa umeme mdogo wa kusubiri hubaki katika ubao mama na katika sloti. Baada ya kuchomoa, kitufe cha kuwashia hubonyezwa mara moja ili mabaki yaishe, na fundi husubiri hadi taa ndogo ya ubao mama izimike.

Kifuniko cha sloti iliyochaguliwa huondolewa. Kadi hushikwa kwa kingo zake, bila vidole kugusa meno ya dhahabu wala chipu. Meno hayo yamepakwa dhahabu nyembamba ambayo unene wake haufiki hata elfu moja ya milimita, na jasho la vidole huacha chumvi juu yake. Mkato uliopo kati ya meno hulinganishwa na kizuizi kilichomo slotini, kisha kadi husukumwa moja kwa moja kwa nguvu iliyo sawa pande zote mbili hadi meno yote yazame. Kadi isiyumbishwe kulia na kushoto, na ikikataa isilazimishwe. Itolewe, na sababu itafutwe. Hatimaye bamba hufungwa kwa skrubu. Skrubu hiyo si pambo: hushikilia kadi isiinuke kebo inapovutwa, na huliunganisha bamba na chuma cha seva.

Kebo nazo zina tabia zake. Vichwa vya kebo za kadi za gigabiti 6 mara nyingi ni vya aina ya SFF-8087, na vya kadi za gigabiti 12 ni vya aina ya SFF-8643, navyo havioani. Kila kichwa hubeba njia za diski 4. Ziko pia kebo zinazotawanya kichwa kimoja kuwa vinne, ambazo hutengenezwa kwa pande mbili tofauti: za kutoka kwenye adapta kwenda kwenye diski, na za kutoka kwenye milango ya ubao mama kwenda kwenye kibao cha diski. Kwa macho ni mamoja, lakini ukiweka moja mahali pa nyingine hakuna diski itakayoonekana.

Meno yaliyochafuka husafishwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowanishwa kidogo kwa pombe ya isopropili. Desturi ya kusugua kwa kifutio cha penseli imeenea, lakini kifutio hukwaruza dhahabu, na shaba iliyo chini yake ikijitokeza huanza kuota kutu ya kijani, hasa katika hewa ya chumvi ya pwani.

JOTO NA HEWA

Chipu ya adapta hutumia wati 10 hadi 20 hivi, na karibu zote hugeuka kuwa joto katika eneo dogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Juu yake huwekwa bamba la mapezi ya alumini, mara nyingi bila feni. Mtengenezaji hukusudia kwamba feni kubwa za seva, zinazosukuma hewa kutoka mbele kwenda nyuma, ndizo zitakazolipoza. Kadi hiyohiyo ikiwekwa katika kompyuta ya mezani, ambayo upepo wake ni hafifu, huunguza kidole, na joto likizidi huanza kupoteza diski moja baada ya nyingine kana kwamba zimekufa. Aliyepachika kadi ya seva katika kompyuta ya mezani hana budi kuiwekea feni yake.

Kwa sababu hiyohiyo vifuniko vya sloti zisizotumika vibaki mahali pake, na plastiki za kuongoza hewa zirudishwe zilivyokuwa. Tundu lililoachwa wazi huiruhusu hewa kupenya njia ya mkato bila kupita juu ya kadi. Vumbi jekundu la bara linalojaa katika mapezi nalo lapaswa kupulizwa nje kwa ratiba, wala lisingojwe hadi seva izime.

UMEME UKIKATIKA GHAFLA

Kadi ya RAID huharakisha uandishi kwa kuipokea data katika kumbukumbu yake ya ndani, ambayo aghalabu ni gigabaiti 1 au zaidi, na kuijibu seva kwamba kazi imekwisha kabla diski hazijaandikwa. Umeme ukikatika katika nukta hiyo, data iliyotangazwa kuwa salama haipo diskini. Katika RAID 5 madhara huzidi, maana diski moja yaweza kuwa na namba mpya huku jumla ikiwa bado ni ya zamani, na siku diski nyingine itakapokufa, hesabu itatoa jibu la uongo.

Kinga ya kwanza iliyobuniwa ni betri inayofungwa kwenye kadi, ambayo hushikilia kumbukumbu hiyo kwa saa 72 hivi ikiwa bado mpya. Muda huo hutosha pale umeme unapokatika kwa usiku mmoja. Lakini wakazi wa Unguja wanakumbuka kwamba kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikosa umeme wa gridi kwa muda wa miezi 3 hivi, baada ya hitilafu katika njia ya umeme itokayo Tanzania Bara chini ya bahari, na kabla ya hapo, mwaka 2008, giza lilidumu karibu mwezi mmoja. Palipokosekana jenereta, hakuna betri ya kadi ambayo ingevumilia giza la namna hiyo.

Kadi za baadaye zina kinga bora zaidi. Badala ya betri zina kapasita kubwa, ambayo hutoa umeme kwa muda mfupi tu, lakini katika muda huo kadi huihamisha data kutoka kumbukumbu ya muda hadi chipu ya kudumu isiyohitaji umeme. Humo data hukaa hata miezi, na umeme ukirudi huandikwa diskini. Mwenye kununua kadi kwa ajili ya mahali ambapo umeme si wa kutegemewa yafaa aulize jambo hili kabla ya kuuliza bei. Na mwenye kadi ya betri akumbuke kwamba betri huzeeka. Ikidhoofika, kadi nyingi huacha zenyewe kutumia kumbukumbu ya muda, na seva hupooza ghafla bila sababu ya wazi. Wengi wamenunua diski mpya ambapo ingetosha kununua betri.

BAADA YA KUWASHA

Seva kuwaka si uthibitisho kwamba kazi imekamilika. Kwanza fundi ahakikishe kwamba kadi imeonekana katika orodha ya vifaa wakati wa kuwaka. Pili, apime njia na kasi zilizokubaliwa. Katika mfumo wa Linux programu ya lspci huonyesha mambo mawili bega kwa bega: uwezo wa kadi na hali iliyopo. Kadi yenye uwezo wa njia 8 ikionyesha njia 4, ama sloti haina nyaya za kutosha, ama kadi haikuzama vizuri, ama meno ni machafu. Tatu, kila diski ihesabiwe na isomwe kwa muda, huku orodha ya makosa ikitazamwa.

Tahadhari kubwa kuliko zote inahusu kadi ya RAID iliyokufa na kubadilishwa. Mpangilio wa diski, yaani ipi ni ya kwanza, ipi ni ya pili na jumla zimekaa wapi, huandikwa katika diski zenyewe. Kadi mpya ya ukoo uleule ikizikuta hutangaza kwamba imeona mpangilio mgeni, kisha huuliza kama iupokee au iufute. Fundi aliyechoka, usiku wa manane, huweza kubonyeza kufuta akidhani anasafisha njia. Jibu ni kupokea. Tena asikubali kamwe kuzianzisha diski upya, maana kuanzisha upya ni kuandika juu ya kila kilichokuwamo. Kadi ya mtengenezaji mwingine kwa kawaida haiwezi kuusoma mpangilio huo hata kidogo, kwa hiyo ofisi yenye kumbukumbu nzito hufanya busara kuweka kabatini kadi ya pili ya aina ileile. Kabla ya kuchomoa diski, kila moja ibandikwe namba ya nafasi yake.

Seva nyingi zinazofanya kazi Afrika Mashariki zilinunuliwa zikiwa zimetumika kwingineko, na vitabu vyake vya maelezo viliachwa njiani. Katika hali hiyo maarifa ya fundi ndiyo kitabu. Ofisi haihitaji karakana ya kifahari ili ifanye kazi hii kwa usalama. Inahitaji bisibisi, mkanda wa mkononi, mwanga wa kutosha, nakala iliyojaribiwa, na daftari moja linalokaa karibu na seva, ambamo huandikwa kadi gani imo katika sloti gani, ilipachikwa lini, betri yake ilibadilishwa lini, na diski zake zimepangwa vipi. Fundi aliyeandika daftari hilo anaweza kuhamishwa au kustaafu, na atakayemfuata ataikuta amana yote mahali pake.